Uanagenzi katika biashara yako, Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo waajiri wanayoyarudia kila mara: wenye hoteli za shamba, mafundi viyoyozi wa mjini, washonaji, wenye karakana za Chake Chake na Wete. Yameanzia kwenye misingi na kuishia kwenye yale yanayotatanisha. Jibu likigusa jambo lililoelezwa pengine, utaelekezwa swali la kusoma.

## Misingi

Uanagenzi ni nini hasa, na una tofauti gani na fildi au kibarua?

Uanagenzi ni mafunzo ya kazi yanayofanyika mahali pawili kwa mpango mmoja. Siku nyingi mwanagenzi yuko kazini chini ya fundi, na siku chache yuko chuoni kwa nadharia. Ana mkataba wa maandishi, ana malipo, na mwisho wake kuna mtihani na cheti kinachotambulika. Kimoja kikikosekana, hicho kitu kina jina lingine.

Fildi ni ya mwanafunzi wa chuo anayekuja kwa wiki kadhaa kutimiza sharti la masomo yake. Kibarua analipwa kwa kazi ya siku, na hakuna anayewajibika kumfundisha. Kipindi cha majaribio ni cha mtu uliyemwajiri kwa ujuzi alionao tayari. Waajiri wengi wanaosema "mimi nina wanagenzi wanne" ukiwatazama vizuri wana vibarua wanne wa bei ndogo, na hilo linawaumiza vijana na kuwaharibia jina waajiri wanaofundisha kweli.

Mafundi majahazi wa Nungwi na wachonga milango wa Mji Mkongwe wamelea vijana kwa mtindo huu tangu enzi. Ujuzi ulipatikana, lakini kijana alitoka bila karatasi ya kuonyesha hata kama mikono yake ilijua kila kitu. Usajili unaziba pengo hilo.

Biashara yangu ina watu sita tu. Naweza kuchukua mwanagenzi?

Unaweza. Ukubwa wa biashara si kigezo cha msingi kuliko kuwepo kwa fundi anayeijua kazi, mwenye nafasi ya kufundisha, na kazi za kutosha za aina mbalimbali. Karakana ndogo inayotengeneza mafriji, viyoyozi na pampu za maji inaweza kumfundisha kijana zaidi kuliko hoteli kubwa inayomweka afue mashuka mwaka mzima.

Kwa maoni yetu, fundi mmoja asipewe zaidi ya wanagenzi wawili. Akiwa na watatu, mmoja hugeuka mbeba vyombo.

Nimesajiliwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania Bara. Inatosha huku?

Haitoshi. Kazi na ajira si mambo ya Muungano, na mafunzo ya amali, yaani ya ufundi stadi, pia si ya Muungano. Zanzibar ina Mamlaka yake ya Mafunzo ya Amali, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 8 ya 2006, na masuala ya ajira yanaongozwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Kampuni yenye tawi Dar es Salaam na tawi Paje inahitaji mpango wa kila upande. Mtaala ulioutumia Bara unaweza kukusaidia kuandika mpango wako wa mafunzo, ila usiuwasilishe kama kibali.

Ni fani zipi zinazofaa zaidi?

Hoteli ndizo zilizotangulia katika uanagenzi rasmi hapa Zanzibar, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani (ILO): mapokezi, upishi, huduma za vyumba, huduma za mezani. Lakini mahitaji yako pia kwenye umeme, bomba, majokofu na viyoyozi, uashi, useremala, ushonaji, ufundi wa magari na injini za boti. Usindikaji wa mwani na wa samaki nao unafaa, mradi kuwe na chuo kitakachobeba upande wa nadharia. Bila chuo hakuna uanagenzi rasmi, hata fundi awe hodari vipi.

## Usajili na karatasi

Nianzie ofisi gani?

Anzia chuoni, si wizarani. Watu wengi hufanya kinyume chake: wanaandika barua ndefu kwa wizara, kisha wanasubiri. Nenda kwenye kituo cha mafunzo ya amali kilicho karibu nawe, kama Mwanakwerekwe, Mkokotoni au Makunduchi kwa Unguja, Vitongoji au Daya kwa Pemba, ukazungumze na mkuu wa kituo kuhusu fani unayotaka. Kwa hoteli, zungumza pia na taasisi zinazofundisha utalii. Mkikubaliana fani, ngazi na siku za masomo, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali inakuwa na kitu cha kukikagua: sehemu ya kazi, vifaa, fundi.

Baada ya hapo ndipo unakwenda na rasimu ya mkataba Kamisheni ya Kazi, ofisi ya serikali inayosimamia sheria za kazi. Ipeleke ikaguliwe kabla hujawasainisha vijana. Mkataba uliosainiwa ukiwa na kasoro ni mgumu kuurekebisha, kwa sababu kijana na mzazi wake wameshapewa ahadi.

Kama uko kwenye jumuiya ya waajiri (ZANEMA) au jumuiya ya wenye hoteli, waulize kwanza. Mara nyingi kuna mwenzako aliyekwishapita njia hiyo na ana mkataba wa mfano.

Nitayarishe nyaraka gani?

Za biashara: cheti cha usajili kutoka Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA), leseni ya mwaka huu, namba ya mlipakodi, na uthibitisho kwamba umesajiliwa kama mwajiri kwenye Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF). Mwajiri ambaye michango ya wafanyakazi wake wa sasa ina mapengo ayazibe kwanza, maana ni vigumu kuaminiwa na vijana wapya wakati wa zamani wanadai.

Za mwanagenzi: kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi au cheti cha kuzaliwa, cheti cha skuli alichofikia, barua ya sheha wa shehia yake, na picha. Barua ya sheha wengine huiona usumbufu, lakini ina faida: siku kijana anapotoweka kazini, kuna mtu wa kumuuliza nyumbani kwao.

Za mafunzo: mpango wa mafunzo wa miezi yote, jina la fundi msimamizi, na orodha ya vifaa. Hapa ndipo maombi mengi hukwama. "Atajifunza umeme" si mpango. Mpango unasema mwezi wa kwanza na wa pili ni usalama na vifaa, wa tatu na wa nne ni kufunga nyaya za nyumba ya chumba kimoja, na kuendelea hivyo, na kila kipande kina namna ya kupimwa.

Mkataba uwe na mambo gani?

Pande tatu zisaini: mwajiri, mwanagenzi (na mzazi au mlezi kama hajafika miaka 18), na chuo. Uandikwe kwa Kiswahili ambacho mama wa kijana anaweza kusomewa akaelewa. Ndani yake kuwe na fani na ngazi ya cheti, muda, siku za kazini na za chuoni, saa za kazi, malipo na tarehe ya kulipwa, likizo, nani ananunua vifaa vya kujikinga, nini kinafanyika akiumia, na njia ya kuvunja mkataba kwa kila upande.

ILO ilipitisha Pendekezo Namba 208 kuhusu uanagenzi bora mwaka 2023, na mambo hayo mengi yamo humo. Haliwi sheria kwa kupitishwa tu, ila ni kipimo kizuri cha rasimu yako.

Niko Pemba. Lazima nivuke kwenda Unguja kila mara?

Hapana. Wizara na taasisi nyingi zina ofisi Pemba, hasa Chake Chake. Wasilisha huko, upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na uandike jina la aliyepokea. Faili likihitaji kupelekwa Unguja, kulivusha ni kazi ya ofisi. Waajiri wa Pemba wanaolipa nauli ya boti kufuatilia barua moja wanajichosha bure.

Umri wa chini ni upi?

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, na kazi za hatari hazimhusu kabisa: kupanda juu, mitungi ya gesi na presha, kemikali, zamu za usiku, kuzamia. Ukizitoa hizo kwenye fani nyingi za ufundi, kinachobaki ni kidogo. Kwa hiyo ushauri wetu ni kuchukua waliotimiza 18 kwa umeme, uashi, viyoyozi na jikoni, na kamwe usimtoe mtoto skuli. Kwa fani nyepesi na kijana aliyemaliza skuli, pata kwanza maelekezo ya maandishi kutoka Kamisheni ya Kazi.

## Fedha

Nani anagharamia?

Tuseme wazi, kwa kuwa hapa ndipo matumaini mengi huvunjika: mgharamiaji mkuu ni wewe mwajiri. Misaada ipo, na tutaitaja, lakini huja kwa vipindi, huchelewa, na mara nyingi hugusa sehemu tu kama ada au vifaa. Programu iliyojengwa juu ya fedha ya mfadhili husimama siku mradi unapofungwa, na kijana hubaki na nusu ya ufundi.

Hesabu zako ziwe zinabeba mwaka mzima bila msaada. Msaada ukija, ongeza mwanagenzi mwingine au nunua vifaa bora.

Kwa kawaida inagharimu kiasi gani?

Hapa kuna mfano wa hesabu. Namba zake ni za kuonyesha njia tu, zako utaziweka mwenyewe. Tuseme ni karakana ya viyoyozi Mwanakwerekwe, wanagenzi wawili, miezi 12, siku 22 kwa mwezi.

Kwa mwanagenzi mmoja kila mwezi: malipo sh. 120,000, nauli ya daladala sh. 2,000 kwa siku ambayo ni sh. 44,000, chakula cha mchana sh. 3,000 kwa siku ambayo ni sh. 66,000. Jumla sh. 230,000. Kwa wawili ni sh. 460,000, na kwa mwaka sh. 5,520,000. Ongeza ovaroli, viatu, glavu, miwani na vifaa vya mkononi sh. 250,000 kila mmoja, na ada ya chuo na mtihani sh. 300,000 kila mmoja. Umefika sh. 6,620,000.

Sasa gharama inayosahauliwa: muda wa fundi. Akitumia saa moja na nusu kila siku kufundisha, kwa mwaka ni saa 396. Kama mshahara wake ni sh. 600,000 kwa saa 208 za mwezi, saa moja ni karibu sh. 2,885, na muda huo wote ni zaidi ya sh. 1,140,000. Mwajiri asiyeiandika gharama hii humkasirikia fundi kwa "kuchelewesha kazi", fundi naye huacha kufundisha ili asigombezwe. Iandike, na ikiwezekana mwongeze fundi kitu kidogo mwisho wa mwezi kwa kazi hiyo.

Upande wa pili wa daftari nao upo. Kuanzia nusu ya pili ya mwaka mwanagenzi aliyefundishwa vizuri anaosha viyoyozi, anafunga mabomba, anashika kazi ndogo peke yake akikaguliwa. Hapo biashara huanza kurudishiwa.

Nimlipe posho au mshahara?

Jina halina uzito kama kiasi na utaratibu. Kiwango kiulizwe Kamisheni ya Kazi kabla ya kuandikwa kwenye mkataba, ukitaja fani na saa, maana kima cha chini cha mshahara hutangazwa upya mara kwa mara. Lipa kwa tarehe maalumu, kupitia benki au simu, ili kuwe na kumbukumbu. Tunapendelea malipo yanayopanda kila miezi sita. Kijana huona ujuzi wake unathaminiwa, nawe unapunguza hatari ya kuchukuliwa (soma swali la hoteli ya jirani, chini).

Nauli na chakula visikatwe kwenye posho. Kijana wa Muyuni anayefanya kazi mjini akikosa nauli ya gari ya shamba, hatakuja, na atasema anaumwa kwa kuona haya kusema ukweli.

Nilishalipa tozo ya kuendeleza ujuzi. Si hiyo inagharamia?

Tozo hiyo hukokotolewa kwa mishahara unayolipa, nayo ni ya lazima hata usipokuwa na mwanagenzi hata mmoja. Hairudi kwako moja kwa moja. Lakini inakupa haki ya kuuliza, na inafaa waajiri waulize kwa pamoja kupitia jumuiya zao, kwamba sehemu yake iwaone wanaofundisha.

Kuna msaada gani wa kuombwa?

Serikali ya Mapinduzi imekuwa na programu ya uanagenzi inayowaunganisha vijana, vyuo na waajiri. Jiandikishe kama mwajiri anayepokea. Mradi wa SEBEP, unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, umelenga ujuzi wa vijana katika uchumi wa buluu, hivyo wenye shughuli za uvuvi, mwani, boti na utalii waufuatilie. Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi (ZEEA) hutoa mikopo kwa wajasiriamali. Mkopo unafaa kununulia mashine, haufai kulipia posho, kwa sababu posho haizalishi marejesho ya mwezi ujao.

Mfadhili yeyote atataka kuona vitu vitatu: mikataba, mahudhurio, na risiti. Anza kuviweka kabla hujaomba chochote.

ZSSF inamhusu mwanagenzi?

Ukimlipa kama mwajiriwa, ndiyo, kama walivyo wenziwe. Namna mkataba ulivyoandikwa ndiyo itakayoamua, kwa hiyo uonyeshe ZSSF wakati ule ule unapoupeleka Kamisheni ya Kazi. Mfuko una pia utaratibu wa kuchangia kwa hiari, na mwajiri mwema humfungulia kijana njia hiyo mapema.

Sisi ni mafundi wadogo watatu, hakuna anayeweza peke yake. Tunaweza kuchanga?

Mnaweza, na kwa Pemba hasa huu ndio mpango tunaoupenda. Fundi bomba, fundi umeme na mwashi wa mtaa mmoja wanagawana ada na vifaa, na kijana anazunguka. Mmoja awe mwajiri wa kwenye mkataba, na makubaliano ya mchango yaandikwe pembeni. Bila mwajiri mmoja kwenye karatasi, siku kijana akiumia kila mtu atamtazama mwenziwe.

## Kazini siku kwa siku

Fundi wangu ni hodari lakini hana cheti. Anaruhusiwa kusimamia?

Hili linaulizwa kuliko yote, na waulizaji huliuliza kwa unyonge. Usione aibu: mafundi bora wa visiwa hivi wengi wao hawana cheti. Uliza Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kuhusu kupimwa na kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana kazini, fundi wako apitie hapo kabla au wakati programu inaanza, na apewe mafunzo mafupi ya namna ya kufundisha. Kuijua kazi na kuifundisha ni vitu viwili. Fundi mkimya anayefanya kila kitu haraka anaweza kukaa na kijana mwaka mzima bila kumwambia kwa nini.

Daftari la kazi linaandikwaje?

Kila siku, mistari mitatu au minne, kwa mkono wa mwanagenzi, na saini ya fundi. Ukurasa mzuri unasomeka hivi: "Jambiani, chumba namba 7. Kiyoyozi hakipoozi. Koili ya nje imeliwa na chumvi. Nimeosha kwa maji matamu, fundi kapaka povu la sabuni kwenye viungo, tumeona mapovu kwenye kona ya chini. Kuchomelea kafanya fundi, mimi nimeshika." Maneno ya mwisho ndiyo ya thamani: yanatenganisha alichofanya na alichokiona. Mtahini akilisoma daftari kama hilo anajua amuulize nini.

Ukurasa mbaya unasema "leo nimefanya kazi ya kiyoyozi".

Hoteli yetu hufunga wakati wa masika. Wanagenzi waende wapi?

Panga tangu mwanzo kwamba Aprili na Mei ndiyo miezi ya chuoni. Badala ya siku moja au mbili kwa wiki mwaka mzima, nadharia nyingi ipelekwe kwenye miezi hiyo, na msimu wa wageni uachiwe kazi. Wanaobaki hotelini washike matengenezo: hiki ndicho kipindi pekee mwanagenzi wa umeme au bomba anapoweza kufungua chumba kizima bila mgeni kulalamika. Posho isikatike kwa sababu milango imefungwa. Kama huwezi kuilipa miezi hiyo, punguza idadi ya wanagenzi.

Ramadhani tufanyeje?

Badilisha saa, usibadilishe mafunzo. Kazi nzito za juani zifanyike asubuhi mapema, na kijana aachiwe awahi kufuturu kwao. Kutoka Nungwi hadi shehia za ndani si karibu. Wanagenzi wa jikoni wanaofunga hawawezi kuonja, kwa hiyo mitihani ya upishi isiwekwe mwezi huo. Tumia siku hizo kwa usafi wa jikoni, hesabu za stoo na kupanga menyu.

Wazazi wanasita binti yao kuingia hotelini. Tuseme nini?

Msiseme mkiwa mbali. Waiteni wazazi waje wenyewe waone mahali pa kazi, chumba cha kubadilishia nguo, chakula cha wafanyakazi, gari la kuwarudisha. Waelezeni sare, na kama hijabu inaruhusiwa iandikwe kwenye mkataba. Watajieni mtu mmoja mwanamke, kwa jina na simu, ambaye binti atamwendea akisumbuliwa na mgeni au na mkubwa wa kazi, na kweli mtu huyo awe na mamlaka ya kuchukua hatua. Wazazi wengi hawakatai kazi, wanakataa kutojua binti yao yuko chini ya nani.

Hivyo hivyo kwa baa. Mwanagenzi asiyetaka kushika pombe apewe sehemu nyingine ya huduma, na asipunguziwe alama kwa hilo.

## Yanayotatanisha

Hoteli ya jirani imemchukua mwanagenzi wangu kabla hajamaliza. Nifanye nini?

Kwanza zungumza na kijana, halafu na jirani, kabla ya kwenda popote. Mara nyingi ameondoka kwa tofauti ndogo ya fedha na hajui kwamba anapoteza cheti. Ikiwezekana jirani amwachie aje chuoni na kwenye mtihani, na mkataba uhamishwe kwa jina la jirani huyo pamoja na gharama zilizobaki. Chuo kiarifiwe kwa maandishi. Kinga ya kweli ni malipo yanayopanda na ahadi iliyoandikwa ya nafasi ya kazi kwa atakayefaulu.

Basi nizuie cheti chake cha skuli mpaka amalize?

Usifanye hivyo. Cheti ni mali yake, na kitambulisho chake pia. Chukua nakala, mrudishie asili siku hiyo hiyo. Wala usiandike faini inayomzidi uwezo: kijana anayebaki kwa kuogopa deni hajifunzi.

Akiumia kazini?

Hospitali kwanza, kwa gharama ya biashara. Kisha andika tukio siku hiyo hiyo, mashahidi wasaini, na taarifa ipelekwe Kamisheni ya Kazi, chuoni na kwa familia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005 inamtaka mwajiri kuweka mazingira salama, na fidia kwa wanaoumia ina sheria yake, Namba 15 ya 1986 pamoja na marekebisho yake. Usingoje ajali ndipo uulize kama mwanagenzi wako anaingia humo. Kipengele hicho kiwe kimeandikwa kwenye mkataba (soma swali la mkataba, juu).

Amefeli mtihani. Mkataba umeisha. Namdai, au ananidai?

Hakuna anayemdai mwenziwe. Omba chuo kieleze amefeli wapi. Kama ni nadharia, mwongezee siku za chuo hadi mtihani ujao kwa mkataba mfupi. Kama ni vitendo, rudi kwenye daftari na utazame kazi hiyo aliifanya mara ngapi kwa mikono yake. Ukikuta kote imeandikwa "mimi nimeshika", muda wa nyongeza unalipwa na biashara.

Biashara inauzwa katikati ya programu. Wanagenzi wanakwenda na nani?

Waorodheshe kwenye makubaliano ya mauzo kama walivyo wafanyakazi wengine, na mnunuzi asaini kuendeleza mikataba yao. Akikataa, chuo kitafute mwajiri mwingine wa fani ile ile, nawe ulipe hadi siku wanapopokelewa. Madaftari yao waondoke nayo, yakiwa na saini zote.